Unga wa Babu Mizani

Mkesha wa Krismasi ulipofika, nyumba ya Mama Keki ilinukia siagi kuanzia mlangoni hadi uvunguni mwa vitanda. Tangu asubuhi mama alikuwa akivunja mayai, akikoroga, akipaka mafuta masufuria, na kila aliyepita dirishani alimeza mate. Nusu ya mtaa walikuwa wamemwagiza keki. Watu wazima husema Krismasi ni nyimbo na taa za rangi, lakini waulize watoto, watakuambia kwamba bila keki sikukuu haijafika.

Binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, alichekecha unga, akapuliza mkaa, akaosha vyombo. Alikuwa mchapakazi, hilo hakuna aliyelibishia. Ila alipenda kuona kila kitu kabla ya wakati wake, ndiyo maana nyumbani na hata shuleni walimwita Kiherehere.

Kila mwaka, mama alipomaliza kumimina, alikomba mabaki ya bakuli na kuyatia katika kopo tupu la maziwa. Hiyo ilikuwa keki ya Kiherehere, yake peke yake. Mchana ule mama aliingiza keki nne kubwa katika oveni ya mkaa, akalisukuma lile kopo nyuma kabisa, kisha akafunga mlango wa bati.

"Napeleka keki ya mwalimu, narudi sasa hivi," alisema akijifunga kitambaa kichwani. "Mlango huu usiuguse. Baridi ikiingia keki zikiwa bado changa, zinazama. Na zikizama, haziinuki tena."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au umeitikia tu?"

"Nimesikia!"

Na kweli alikuwa amesikia. Aliikalia mikono yake. Aliimba wimbo mmoja wa Krismasi hadi mwisho, akaurudia. Lakini harufu ilizidi kumwita, na hamu ya kujua kama keki yake imefika ukingoni mwa kopo ikamshinda. Akajiambia kwamba kuchungulia si kufungua. Alivuta mlango kidogo, hakuona kitu. Akauvuta wote.

Keki zilikuwa zimeumuka vizuri ajabu, zimetuna kama mashavu ya mtoto aliyelala. Kopo lilikuwa nyuma, gizani, kwa hiyo akainama alitafute. Upepo wa uani ukapita ubavuni mwake ukaingia ndani. Hapo hapo, mbele ya macho yake, keki ya kwanza ikabonyea katikati. Ya pili ikafuata. Aliubamiza mlango kwa hofu, na kishindo kile kikamaliza zilizobaki.

"Inukeni, jamani," alinong'ona akiwa amepiga magoti. "Inukeni, nawaombeni."

Hakuna kilichoinuka. Hapakuwa na kitu cha kuvuta wala cha kusukuma. Aliweza kusubiri tu.

Mama aliporudi alitoa keki moja baada ya nyingine, akazipanga mezani, lile kopo la nyuma akalisahau, akakaa kwenye kigoda. Kisha akamtazama binti yake.

"Ulifungua?"

"Hapana, mama."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Mama hakuuliza mara ya pili, kwa sababu mtoto huyu hakuwa na tabia ya kumdanganya. Aliutia mkono kwenye mfuko wa unga, akausugua unga vidoleni.

"Basi ni unga huu. Babu Mizani kaniuzia unga mbovu, na sikukuu ni kesho!"

Mama alipokwenda kunawa uso, Kiherehere alilitoa lile kopo. Joto la nyuma ya oveni lilikuwa limeilinda keki yake. Ilikuwa imeumuka ikapita ukingo, ikaiva, nzuri kuliko ya mwaka wowote. Mtu yeyote mwenye akili angeiona keki hiyo angejua unga hauna kosa. Aliificha ndani ya begi lake la shule, akamfuata mama.

Babu Mizani, mwenye duka la pembeni, alipewa jina hilo kwa sababu hakufunga bidhaa hadi mshale wa mizani utulie. Alikuwa mjane, na kila Krismasi alikula chakula cha mchana kwa Mama Keki. Siku hiyo duka lilikuwa limejaa watu.

"Babu, umenimaliza!" mama alisema kwa sauti kabla hata ya kusalimia. "Keki zote zimezama. Unga wako mbovu!"

Watu wakageuka. Mzee aliinusa konzi ya unga, akaonja.

"Mwanangu, gunia hili nimelifungua juzi tu."

"Basi lilifika likiwa bovu!"

Mwanamke mmoja akarudisha mfuko wake wa unga juu ya meza. Mwingine akasema, "Na mimi nirudishie, Babu. Sitaki kuaibika mbele ya wageni."

Kiherehere alisimama nyuma ya mama yake. Alitaka kusema. Kila aliposubiri kidogo, neno lilizidi kuwa zito. Laiti mzee angebisha! Lakini Babu Mizani aliinamisha kichwa.

"Kama Mama Keki amesema ni mbovu, basi ni mbovu. Yeye ndiye anayejua unga."

Akaliburuta gunia hadi chumba cha nyuma, akawaomba radhi wateja, akafunga duka wakati wenzake wote walikuwa wakiuza. Jioni ile wenye keki walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka na habari ya unga mbovu. Kiherehere alizisikia zikitoka mlangoni, naye hakuwa na namna ya kuzifuata.

Asubuhi ya Krismasi mama alipanga sahani mbili mezani.

"Na ya Babu?" Kiherehere aliuliza.

"Ametuma salamu, haji. Anasema anaona aibu." Mama aliigeuza sahani mikononi. "Na mimi, kusema kweli, sijui ningemtazamaje."

Kiherehere alishindwa kuvumilia. Alitoa begi lake, akakimbia hadi mlango wa nyuma wa duka. Alimkuta mzee amekaa mbele ya kikaango chenye kitu cheusi, bapa, kigumu kama soli ya kiatu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako alisema kweli. Nimejaribu kuoka mwenyewe, ona mambo haya."

Siku nyingine angecheka hadi alie. Sasa alilia bila kucheka. Aliliweka kopo mbele yake.

"Hii ni ya unga uleule, Babu, na oveni ileile. Unga hauna kosa. Mimi nilifungua mlango, halafu nikakataa."

Mzee aliinusa ile keki.

"Nilikuwa najiuliza nimekosea wapi," alisema taratibu. "Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Basi twende tukamwambie."

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kiherehere alitamani agombezwe, lakini mama hakumgombeza. Alimgeukia mzee.

"Nisamehe, Babu. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

"Nimewasamehe nyote wawili."

Baada ya ibada, mama alimshika binti yake mkono, wakasimama langoni mwa kanisa na kuwaeleza majirani ukweli. Wengine walisikiliza. Wengine walikuwa wameshaondoka, na wengine walikuwa na haraka ya kwenda kula. Mchana sahani zikawa tatu mezani, na Babu Mizani alikula keki iliyozama akasema ni tamu, imechoka tu.

"Kufungua mlango lilikuwa kosa la kitoto," mama alisema walipomaliza kula. "Ningekukaripia, kesho tukacheka. Lakini uliponiambia hapana, niliubeba uongo wako nikaenda kumwumiza nao mtu asiye na hatia. Na mimi nilikosea, nilipiga kelele kabla ya kuchunguza. Ukikosea, mwanangu, sema hapo hapo, kosa likiwa bado dogo na bado ni lako peke yako. Likishafika kwa watu, huwezi kulikusanya."

Likizo yote iliyobaki, Kiherehere alikwenda kumsaidia Babu Mizani dukani. Siku moja aliingia mama mmoja wa mtaa wa pili.

"Nipimie sukari. Unga nitanunua kwingine, nasikia wa hapa mbovu."

Babu alisubiri mshale utulie. Kiherehere akasogea mbele.

"Unga ni mzima, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyefungua oveni, keki zikazama. Nilimdanganya mama yangu."

Yule mama alimtazama, akamtazama mzee, akatabasamu kama mtu asiyesadiki. Alichukua sukari yake tu, akaondoka. Mlangoni alipishana na mteja mwingine, na Kiherehere hakusubiri kuulizwa, akaanza kueleza upya.