Mahindi ya Limbuko

Mtumbwi ulipiga kisiki katikati ya Ruvu, ukapinduka, na kwa muda Sixtus hakujua juu ni wapi. Mkono wake mmoja ulishika pakacha. Mwingine ulishikwa na Pazi, mvushaji wa Mzenga, aliyemburuta kwenye maji ya tope mpaka wakagusa kichuguu kilichobaki wazi katikati ya mafuriko. Wakapanda juu yake, wakatapika maji. Mtumbwi ulikuwa umekwenda zake.

"Nilikwambia tungoje maji yapungue," Pazi alisema.

"Limbuko lazima lifike kabla ya Pentekoste."

Basi ndivyo alivyokuwa. Sixtus alikuwa katekista wa Magindu, mtu mwema, lakini akiambiwa simama, alisimama mpaka aambiwe kaa. Mwaka uliopita njaa iliwabana watu wake wakala limbuko lao, kisha nzige wakaja wakamaliza mashamba. Padre wa misioni ya Kisarawe aliwaambia wazi: asiyemtii Mungu asitafute baraka. Kwa hiyo mwaka huu mahindi ya kwanza, thelathini, mabichi, yalishonewa ndani ya pakacha, na Sixtus akaapa mbele ya wote kwamba halitafunguliwa mpaka altareni.

Kichuguu kilikuwa na upana wa kitanda. Siafu nao walikuwa wamekimbilia pale, na hawakuona sababu ya kuwapisha wageni. Maji ya kunywa waliyachuja kwa shati la Pazi. Chakula hakikuwepo. Mvua ilinyesha siku nzima, na waliita mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyejibu.

Siku ya pili Pazi alinyoosha kidole mashariki. "Mzenga ni kule, nyuma ya mikuyu ile. Nikiwa na nguvu naogelea, narudi na mtumbwi mwingine. Lakini mikono inatetemeka, mwalimu. Nipe mahindi mawili."

"Si yangu, Pazi. Ni ya Mungu."

"Na mimi ni wa nani?"

 Sixtus alilikumbatia pakacha, akatazama maji.

Pazi alikuwa na nguvu mara mbili ya katekista, tena alikuwa na kisu kiunoni. Angetaka, angelipasua pakacha pale pale. Hakuligusa. "Mzigo wa abiria ni amana," alisema. "Ukinipa nitakula. Usiponipa, basi."

Siku ya tatu aliomba tena, mawili yale yale, safari hii kwa sauti ndogo. Rozari ilikuwa imezama, kwa hiyo Sixtus alikuwa akisali kwa kuhesabu vidole. "Tukitii atatuokoa," alijibu. "Vumilia." Na tuseme ukweli, moyoni alikuwa haamini tena. Aliogopa tu. Aliogopa nzige, aliogopa padre, aliogopa macho ya watu wa Magindu.

Mchana maji yakaanza kukila kichuguu. Upande mmoja ulimeguka, miguu yao ikawa inaning'inia. Pazi akavua shati, akasema bismillahi, akaingia. Aliogelea vizuri hadi nusu ya njia. Halafu mkono mmoja ukawa hauinuki. Sixtus alimwita kwa jina, akamwita tena. Kichwa kilionekana mara moja, mbali, kikielekea chini na mkondo, kisha hakikuonekana.

Kesho yake wavuvi wa Mzenga walifika. Usidhani walitumwa na malaika. Maiti ya Pazi ilikuwa imenasa kwenye mtego wao wa samaki, wakajua kuna chombo kimezama huko juu, wakapanda kutafuta.

Misioni, padre alikata kamba za pakacha, akakunja pua. Mahindi yalikuwa yameota ukungu. "Wape bata," alimwambia mpishi. Akamtazama Sixtus, amebaki mifupa. "Kwa nini hukula?" Hakungoja jibu. Jumapili alimsimamisha mbele ya waumini: mtazameni mtii, mwone alivyobarikiwa. Kanisa zima likaitika amina.

Alipoweza kutembea, Sixtus alikwenda Mzenga kwa Mwanahalima, mke wa Pazi. Mwanamke alikuwa edani, akamsikiliza kutoka nyuma ya mlango. Sixtus alimweleza yote, hata habari ya bata.

"Alikuomba?"

"Mara mbili."

"Ukamnyima."

"Nikamnyima, dada."



"Nenda kayaseme hayo kule walikokusifia," Mwanahalima alisema.

Jumapili iliyofuata, padre akiwa katikati ya mahubiri, Sixtus aliinuka kwenye benchi. Padre alimwashiria akae. Tangu azaliwe, Sixtus hakuwahi kuambiwa kaa asikae. Safari hii hakukaa.

"Mahindi yalikuwa thelathini," alisema. "Pazi aliomba mawili."