Bendera za Mezani

Asubuhi ile Ruwaida alikuta askari wote wa mumewe wamempa adui mgongo, wanautazama mlango wa chumba cha kulala.

Walikuwa askari wa plastiki, kimo cha kifundo cha kidole. Tangu Yeslam astaafu ukarani wa bandarini, alikuwa akipigana vita vya Napoleoni, mfalme wa Wafaransa wa kale, juu ya meza ambayo watu wenye akili hulia chakula. Vilima alivichonga kwa povu la kufungia friji, akavipaka gundi na kuvivika udongo mwekundu. Vichaka vilikuwa dodoki lililokatwakatwa. Mto ulikuwa vanishi. Bendera alizikata kwa vitambaa vyekundu na vyeupe, na mabaki Ruwaida akayachukua, kwani tangu aolewe hajatupa kitambaa kipana kama kiganja. Jumamosi Morgan wa Chaani angekuja na jeshi la Waingereza warushiane dadu. Wiki ya tatu sasa Ruwaida alikuwa akila chakula mkekani bila kulalamika. Mume anayecheza nyumbani ni nafuu kuliko anayecheza nje.

"Baba Imad, umewageuza wewe?"

"Sijawagusa."

Akawarudisha mmoja mmoja. Adhuhuri ilipoadhiniwa, walikuwa wamegeuka tena.

Kisha ikaja harufu, marashi ya waridi yaliyochacha. Ikafuata sauti ya kigoma, ndogo kama kucha zikigonga sinia, nayo ilinyamaza kila Ruwaida alipokaribia meza na kuanza tena alipogeuka, na siku ya tatu Yeslam hakula wala hakuswali, alisimama tu pale mezani mikono ubavuni, macho hayapepesi, jasho likimtiririka hadi kwenye kikoi, akimjibu asiyeonekana kwa sauti ya chini: "Naam, amiri."

Nyamvula, jirani wao Mgiriama wa ukuta mmoja, alikuja kurudisha ungo. Akaona bendera. Akauweka ungo chini polepole.

"Shemeji," alinong'ona, "vitambaa hivi umevitoa wapi?"

Yeslam alichelewa kujibu, kama aliyeitwa kutoka mbali. "Pangoni, nyuma ya machimbo ya zamani, Bamburi. Nilifuata udongo wa vilima. Matambara yalikuwa yananing'inia tu."

"Matambara! Watu wameomba watoto pale, wameomba uzima, wakamtundikia mzimu mwenye pango bendera zake. Wewe umewapa wanasesere."

"Atafanya nini?" Ruwaida aliuliza.

"Penye bendera yake ndipo penye jeshi lake, mwenzangu. Atamwandikisha aliyezikata. Hamuui. Atakuachia mwili, umlishe na kumuogesha, mwenyewe hayumo."

Ruwaida aliketi. "Dawa?"

"Kilichotoka kule kirudi chote, kwa mkono uliokitoa, kabla jua halijazama. Usibaki hata uzi."

Yeslam akang'oa bendera zote. Ruwaida akakwangua vilima kwa kijiko mpaka povu likaonekana jeupe, akafagia sakafu na kuchukua hata vumbi. Mlangoni mwa pango Yeslam alikwama, na humo ndani kigoma kilikuwa kinapigwa wazi, mchana kweupe, kikimngoja.

"Ingia," Ruwaida alisema. "Nimekuvumilia miaka arobaini. Sikutoi bure kwa mtu."

Akamsukuma. Yeslam akamwaga udongo, akafunga vitambaa kimoja baada ya kingine, na alipokaza fundo la mwisho kigoma kikakatika. Alitoka akiomba chai. Ruwaida alimtukana njia nzima, maana kulia hakukuwa desturi yake.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alijilaza. Sebuleni Yeslam alikuwa akimwambia Morgan kwa simu kwamba bendera safari hii atazichora kwenye karatasi. Ruwaida akacheka peke yake, akaugeuza mto upande wenye ubaridi, akaweka sikio.

Chini ya sikio kigoma kikaanza.

Akainua kichwa. Kwenye foronya palikuwa na kiraka chekundu, kipana kama kiganja, alichokishona kwa mkono wake mwenyewe wiki tatu zilizopita. Kilikuwa kimelowa marashi.

Sebuleni mazungumzo yakakatika katikati ya neno. Simu ikaanguka sakafuni.

"Naam, amiri," Yeslam alisema, na nyayo zake zikaanza kuja, moja, mbili, moja, mbili, kuelekea mlango wa chumba cha kulala.