Kigoda cha Kwenye Ngazi

Kila asubuhi seremala aliketi dirishani, akaitazama karakana yake ng'ambo ya barabara. Mlango ulikuwa na kufuli tangu ngiri ya tumboni imzuie kubeba mbao, na sasa ulikuwa mwezi wa nne.

"Nina hamu na kazi yangu mpaka naiota," alimwambia mkewe. "Naisikia hata harufu ya maranda ya mbao."

"Utapasuliwa, utarudi. Subira huvuta heri."

Siku ya kujiandaa kwa upasuaji, muuguzi aliwaita chumbani, akafungua faili.

"Mzee, ukipanda ngazi za ghorofa mbili, unapumzika njiani?"

"Hata kidogo."

"Unalala na mito mingapi?"

"Mmoja tu." Moyoni alisema, nikisema kweli tu, wataahirisha upasuaji.

Mkewe akakohoa. "Na kile kigoda?"

"Kigoda gani tena?"

"Ulichokichonga ukakiweka katikati ya ngazi za nyumbani, eti cha wageni. Mgeni gani amewahi kukikalia? Kimeng'aa kwa suruali yako. Na mito ni mitatu."

Seremala akainamisha kichwa. Ni kweli, pumzi ilikuwa ikimwishia akipanda ngazi, na hata akilala chali. Jioni miguu ilivimba.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," muuguzi alisema kwa upole. "Ngiri iko tumboni, sawa. Lakini dawa ya usingizi na upasuaji huutwisha moyo mzigo. Lazima tujue kama moyo wako unauweza."

Akapimwa. Daktari akamwambia moyo ni dhaifu, aanze dawa, upasuaji usubiri wiki sita.

"Upasuaji wa dharura haungoji," daktari alieleza. "Wako unaweza kungoja. Ila ngiri ikiwa ngumu na kuuma, au ukitapika, njoo saa hiyohiyo."

Njiani seremala alilia, wala hakujificha. Wiki sita zilikuwa ndefu kwake. Alimeza dawa bila kuruka siku, akaendelea kuutazama mlango ule.

Wiki ya tano alipanda ngazi polepole, akakipita kigoda bila kuketi. Alipopimwa tena, daktari aliridhika. Akapasuliwa, akapona.

Siku aliporuhusiwa kurudi kazini, mkewe alitangulia, kigoda mkononi.

"Unakipeleka wapi hicho?"

"Si ulisema cha wageni? Leo mgeni ni mimi."

Seremala akafungua kufuli. Mkewe akaketi karibu na meza ya kazi. Seremala akashika randa, akaisukuma taratibu, na maranda yakamwangukia mkewe miguuni.