Fundi Jicho na Lita Moja ya Maji

Mtaani walimwita Fundi Jicho. Alikuwa mwashi, na hakupima kitu. Simenti, mchanga, maji, vyote alikadiria kwa macho.

"Vipimo ni vya wanaojifunza," alisema, huku akikoroga zege kwa koleo.

Na kweli, kuta zake zilisimama. Zote, ukiacha ule wa banda la kuku. Kuku walitoka wazima, lakini jogoo hakumwamini tena. Na Fundi hakupenda ukuta ule utajwe.

Kazini alikuwa fundi. Nyumbani alikuwa kibarua. Binti yake wa mwaka mmoja na nusu waliyemwita Bosi ndiye aliyetoa amri, na amri yake ilikuwa moja tu: "Leta!" Kila asubuhi aliinyooshea kidole kofia ya kazi ya baba yake. "Leta!" Akiletewa, anaitupa chini. Halafu, "Leta!" tena.

Asubuhi moja Bosi hakuagiza kitu.

"Baba Bosi, mtoto ameharisha mara tano tangu jana," mkewe alisema. "Na ametapika."

Fundi alikwenda mbio duka la dawa. Akarudi na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anaopewa mtoto anayeharisha. Mkewe alikuwa ameshachukua jagi.

"La nini hilo?" Fundi aliuliza.

"Si la kuchanganyia dawa? Nasikia ni maji mengi."

"Mama Bosi, ukiweka maji mengi kwenye zege, unapata nini? Uji! Dawa lazima ishike."

Alimimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja cha maji. Akakoroga. Akatazama kwa jicho moja, kama anavyotazama plasta.

"Hapo sawa," alisema.

Bosi alikunja uso. Lakini alikuwa na kiu, akanywa. Kiu ikazidi, akanywa tena. Kufika saa sita mchana, kikombe kilikuwa kitupu, na Bosi alikuwa amelegea begani kwa mama yake kama nguo mbichi.

Fundi alichukua kofia yake, akaitikisa mbele ya mtoto.

"Bosi! Bosi wangu! Sema leta."

Bosi alifumbua macho kidogo, akayafumba. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

Fundi aliivaa kofia. Alimbeba mtoto, wakaondoka mbio kwenda kliniki, yeye akiwa na kiatu kimoja na ndara moja.

Daktari wa watoto alikuwa dada wa umri mdogo tu. Siku nyingine Fundi angemwita "binti." Siku hiyo, kwa hofu, alimwambia, "Shikamoo, daktari!"

"Pole, baba," daktari alijibu. "Tumwone mgonjwa."

Alimtazama Bosi macho, yalikuwa yameingia ndani. Akagusa ulimi, ulikuwa mkavu. Akafinya ngozi ya tumbo taratibu, na ngozi ikachelewa kurudi.

"Amekojoa leo?"

"Tangu alfajiri, hapana," mama alijibu.

"Amepungukiwa maji mwilini. Mmempa nini?"

"ORS," Fundi alisema haraka, kwa matumaini. "Tena nzito!"

Daktari alisimama. "Nzito vipi? Pakiti unayo?"

Pakiti tupu ilikuwa mfukoni, pamoja na misumari miwili. Daktari aliipokea, akaitazama, akamrudishia.

"Nisomee hapa, baba."

Fundi alisoma polepole, akifuata kwa kidole. "Changanya... pakiti yote... katika lita moja... ya maji safi ya kunywa."

Akarudisha kidole kwenye "lita moja." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi niliweka kikombe kimoja."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mwashi."

"Ukizidisha simenti kwenye plasta, inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Ehe. Chumvi ikizidi, inavuta maji kutoka mwilini. Kiu inazidi. Mtoto anaweza kupata degedege, hata kufa."

Fundi alikaa chini bila kuambiwa.

"Jogoo alituonya," mkewe alinong'ona, nusu akilia.

Bosi alipimwa damu. Walingoja. Fundi aliitazama mizani ya watoto na rula ndefu ya kupimia urefu ukutani. Chumba kizima kilikuwa vipimo vitupu.

Majibu yalikuja. "Chumvi imepanda, ila kidogo," daktari alisema. "Mmewahi. Mtakaa hapa tumwangalie."

Alichanganya pakiti mpya katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akampa mama kikombe na kijiko.

"Kijiko kimoja kimoja, bila haraka. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Kunyonya asiache, na chakula apewe. Nyumbani, kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe. Yakipita masaa ishirini na nne, mwaga, changanya mengine. Na hivi ni vidonge vya zinki. Kimoja kila siku, kwa siku kumi, hata kama kuharisha kumekoma."

"Na tukiona nini tumrudishe?" mama aliuliza.

"Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata homa kali, au mkiona damu kwenye choo. Msingoje."

Daktari alipita kila mara kumtazama. Saa kumi jioni Bosi alikojoa, akamlowesha baba yake mpaka magotini.

"Asante, mwanangu!" Fundi alipiga kelele. "Asante sana!" Wagonjwa wote waligeuka kumtazama mtu anayeshukuru kukojolewa.

Kisha Bosi alikinyooshea kidole kile kikombe mkononi mwa mama yake. Sauti ilikuwa ndogo, lakini amri ilikuwa ileile.

"Leta."

Fundi Jicho aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa kofia.

Wiki ya pili, Bosi akiwa mzima, Fundi alirudi kliniki na ndoo, mwiko, mchanga na simenti. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imevunjika, na akina mama walijikwaa hapo wakiwa na watoto mgongoni.

"Sikuja kulipwa, daktari," alisema. "Nimekuja kushukuru kwa mikono."

Daktari alimtazama akipima: ndoo moja ya simenti, ndoo tatu za mchanga, kila ndoo ikisawazishwa juu kwa ubao.

"Siku hizi unapima, fundi?"

"Napima hata chai, daktari."

Bosi alikuwa amekaa kivulini na mama yake, kofia ya baba imemfunika hadi puani. Aliisukuma juu, akaiona ndoo tupu, akanyoosha kidole.

"Leta!"

"Sawa, Bosi," Fundi alisema, akaenda kuchota maji.