Barua Kutoka Kwenye Barafu

Siku ya barua, hata mlima wa Kitangari ulikuwa mfupi. Yuliana alipanda mbio kutoka bondeni na ndoo yake kichwani, akaitua jikoni, akanawa uso kwa kikombe kimoja tu, maana maji ya Kitangari hayachezewi. Alipotoka uani, palikuwa pamejaa. Majirani walikalia mikeka, vinu vilivyolazwa, hata magunia ya korosho.

Mjomba wake, Basil, alikuwa mpishi kwenye meli ya kigeni ya kubeba mbao. Meli hiyo ilikuwa imenaswa kwenye bahari ya kaskazini ya mbali, ambako baridi huyagandisha maji mpaka bahari ikawa kama sakafu. Barua zilitolewa huko na helikopta iliyowapelekea chakula. Bibi Magdalena, mama yake Basil, hakujua kusoma. Msomaji alikuwa Yuliana wa darasa la sita, na hakuna siku aliyojiona mkubwa kama hiyo.

Akaanza. Mjomba aliandika kwamba kila asubuhi wanaamka na mashoka, wakabandua barafu iliyoziba milango. Nguo wakizianika zinakakamaa kama makopa ya muhogo. Jioni wanashuka na kucheza mpira juu ya bahari. Maji ya kunywa nayo wanayakata kwa shoka: wanachagua barafu kuukuu ambayo chumvi imeshaitoka, wanaiyeyusha kwenye sufuria, kisha kila mtu anapimiwa fungu lake.

Mzee Mohamedi, jirani asiyejua kunyamaza, alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Mama Basil, mwanao anatuona washamba. Maji ya bahari yakatwe kwa shoka, na tena yasiwe na chumvi?"

Uani wote wakaangua kicheko. Wengine walianza kukung'uta kanga zao waondoke. Yuliana akaona baraza linamponyoka. Ukurasa mmoja ulikuwa umebaki. Akaugeuza, lakini hakuusoma. Alikaza macho kwenye karatasi na kutamka yasiyokuwamo: barafu imeibana meli mpaka ubavu umepasuka, unga umekwisha, na dubu weupe wanaizunguka wakinusa.

Waliosimama wakaketi tena. Safari hii hakuna aliyebisha. Walishika vifua, wakamtaka arudie pale pa dubu, naye akarudia na kuongeza dubu wawili. Furaha ilimjaa hadi akasahau kumtazama bibi yake.

Kesho yake, aliporudi kutoka shule, alimkuta Nikolao, mfanyabiashara wa Newala, akipakia mabati kwenye gari lake. Yalikuwa mabati kumi mapya. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara na maduka yajae bidhaa tena, Bibi alikuwa akinunua bati moja moja kwa misimu mitatu ya korosho. Yangeezekwa kabla ya mvua, yakinge maji, na safari za bondeni zikome.

"Nayauza nipate nauli," Bibi alisema, macho yamemwiva. "Naenda bandarini Mtwara nikaulize kama mwanangu bado anapumua."

Yuliana akamshika mkono. "Bibi, yale ya meli kupasuka hayamo kwenye barua. Niliyatunga mimi."

Bibi akampapasa kichwa. "Unanifariji tu, mjukuu wangu." Akamwambia Nikolao aendelee kufunga kamba.

Yuliana aliichukua barua, akatoka mbio mpaka kwa Mwalimu Josephina wa shuleni kwao. Alimweleza yote huku akihema, bila kujitetea. Waliporudi, gari lilikuwa linanguruma na majirani wamekwisha kusogea. Mwalimu alimwamkia Bibi shikamoo, akamwomba Nikolao azime injini, kisha akasoma: mashoka, makopa, mpira, maji. Akafika kwenye ukurasa wa mwisho.

"Mama, sisi ni wazima na chakula kipo. Meli ya kuvunja barafu ikifika, tutatoka. Mabati yako yaezeke kabla ya mvua. Huku maji tunayakata kwa shoka. Huko yanashuka yenyewe, yakinge."

Bibi aliketi chini palepale, akalia na kucheka kwa pamoja. Mzee Mohamedi alivua kofia. "Kumbe tulilolicheka ndilo la kweli, na tulilolililia ndilo la uongo." Nikolao alinung'unika kuhusu safari yake iliyopotea, lakini mwenyewe ndiye aliyeshusha bati la kwanza.

Mvua zilipoanza, barua nyingine ilifika. Baraza likahamia ndani, chini ya mabati yanayonguruma, na Yuliana ilimbidi asome kwa sauti ya kupasua koo. Sehemu kubwa ilihusu kumenya viazi. Mzee Mohamedi aliuliza kama dubu hawajarudi.

"Dubu hawamo, Babu," Yuliana alisema. "Ni viazi tu."

Watu walicheka, na hakuna aliyeondoka. Bibi, akisikiliza pipa likijaa nje, alimvuta mjukuu wake karibu.

"Nikikutuma maji, hujazi ya dimbwini njiani ili ndoo ionekane imejaa," alisema. "Na maneno ya mtu ni hivyo hivyo. Yafikishe kama ulivyopewa, hata kama ni nusu ndoo."