Nyayo Juu ya Duka la Maziwa

Kila jioni baada ya shule, Oliva aliosha makopo katika duka la maziwa la mama yake, Getruda, pale Endasak. Jua likishazama na baridi ya mlimani ikishuka, hatua zilianza juu ya bati. Ko. Ko. Kisha kimya. Kisha ko! upande wa pili.

"Ni babu yako," Bibi Justina alinong'ona. "Anakagua kazi yake." Halafu aliinua uso na kumsimulia marehemu habari za siku ile.

Babu Nikolausi alikuwa amelipaka paa lote lami nyeusi ili kuziba matundu. Alifariki kabla ya mvua kunyesha. Tangu hapo bibi hakuruhusu mtu aliguse.

Lakini mchana duka liliwaka kama tanuri. Friji ilinguruma bila kupumzika, na uniti za umeme ziliisha upesi. Siku moja ziliisha kabla mtu hajagundua, maziwa ya wafugaji yote yakachacha.

"Wakiacha kutuletea, tunafunga duka," mama alisema. "Oliva, uliacha friji wazi!"

"Hapana, mama."

"Basi ni nani? Mzimu?"

Angejibu ndiyo, bibi angemuunga mkono. Lakini Oliva alisema, "Ni paa, mama. Siku za mawingu friji hupumzika. Na siku hizo hata babu hatembei."

"Mzimu gani unaogopa mawingu?" bibi alifoka. "Unamtania babu yako?"

"Samahani, bibi. Nitakuonyesha."

Kesho yake, Jumamosi, Oliva alipigilia vipande viwili vya bati ubaoni, kimoja cheupe, kingine kilichopakwa lami, akauanika ubao juani. Mchana bibi aligusa cheupe, akaona hakina moto mkali. Akagusa cheusi.

"Yesu wangu! Kinaunguza!"

Waliusogeza ubao kivulini. Kipande cheusi kilipoanza kupoa, kilisinyaa na kujivuta kwenye misumari. Ko.

Bibi alikaa chini taratibu. "Kumbe nilikuwa naongea na bati," alisema.

Jioni ile hakuinua uso. Asubuhi alimwambia mama, "Chukua ndama wangu, umuuze, uezeke mabati meupe."

Joto likapungua dukani, friji ikapumzika, umeme ukadumu. Wafugaji waliokuwa wameanza kusita walirudi na makopo yao.

"Oliva," bibi alisema, "ungeniongopea ningefurahi, na maziwa yangeendelea kumwagwa. Ukweli wako umenifanya nimzike babu yako mara ya pili. Umeniuma, mjukuu wangu. Lakini marehemu huheshimiwa kwa sala, si kwa kuliacha kosa lake liwaunguze walio hai."