Jeti Mdomoni

SAA 3:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana ya makochi kilinuka gundi na sponji. Mjomba alichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mstari mmoja, mto. Kisanduku, ghala. Mstari wa pili, barabara, nao akaupiga msalaba.

"Barabara ina geti moja na askari wanne. Hatuigusi. Tunaingia kwa maji, tunatoka kwa maji."

Ndani ya ghala kulikuwa na kabati la chuma. Ndani ya kabati, dhahabu ghafi ya wiki nzima, ikisubiri gari la saa saba mchana. Saa tano na nusu walinzi wawili kati ya watatu huenda kula. Anabaki mmoja. Funguo, mtu wa makufuli, aliomba dakika kumi na tano za kabati. Twiga, mwanamume mrefu anayeinama kwenye kila mlango, angemshughulikia mlinzi. Fundi angebaki na boti.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwenye grisi kwenye kucha ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Twiga alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Na Mjomba hakuwa mjomba wa heshima tu. Alikuwa kaka wa mama yao.

"Nina sharti," Fundi alisema.

"Sema, mpwa wangu."

"Tunakwenda wanne, tunarudi wanne. Twiga asipokuwamo, boti haiondoki."

Mjomba alimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai. Vidonda vya tumbo vilimfanya atembee nayo kila mahali, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Damu yangu hiyo. Nitaiacha wapi?"

"Apa."

"Wewe mtoto una kesi gani na mimi? Haya. Naapa."

Funguo alikohoa. "Na mashine ya boti yenyewe je? Maana tumeiokota kwa mtu aliyeifungia mwaka mzima."

"Jana niliiwasha kwenye pipa la maji hapo nyuma. Inakoroma kama paka aliyeshiba."

"Polepole," Mjomba aliongeza. "Nilimkataza kuivuta kwa mafuta mengi. Majirani wana masikio."

Fundi alifumba macho. Hakuomba wafanikiwe. Aliona haya kumtaja Mungu kwenye wizi. Aliomba mdogo wake arudi, basi.

SAA 5:31

Walifika kwa mwendo wa kunyata, magunia ya mkaa yamejazwa juu ili waonekane wachuuzi. Makasia waliyaacha nyumbani ili magunia yapate nafasi. Nyuma ya ghala palikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Wanaume watatu walipanda. Chupa ya Mjomba ilibaki juu ya benchi la boti.

Twiga aligeuka kwenye ngazi ya tatu. "Dada, usilale."

"Nenda zako. Na uangalie kichwa, milango ya huko haikujengewa ngamia."

SAA 5:35

Fundi hakuiamini mashine aliyoisikia sauti moja tu. Alikaza kamba ya boti kwenye pete ya chuma, akaiwasha, akaingiza gia, akafungua mafuta mpaka mwisho.

Mashine ilivuta. Ikakohoa. Ikazima.

Aliiwasha tena. Polepole, ilikoroma vizuri. Alipoivuta, ilikufa.

Kabureta ina njia mbili za mafuta: nyembamba ya mwendo mdogo, na kubwa ya mwendo wa mbio. Kwenye pipa waliijaribu ile nyembamba peke yake, kwa kuogopa majirani. Watu wa halali wangeivuta mchana kweupe, nayo ingewaambia ugonjwa wake mapema. Wao walijificha, na ugonjwa ukajificha pamoja nao.

Aling'oa kabureta, akaipakata. Bakuli lake la chini lilikuwa na petroli ya mwaka jana iliyogeuka utomvu wa kijani. Katikati ilisimama jeti, kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye tundu la kupitisha unywele. Tundu lilikuwa limeziba. Waya wa brashi uligonga kama umegonga jiwe. Ilibidi jeti itoke.

Jeti haikutaka kutoka.

SAA 5:42

Bisibisi iliteleza. Ilikwangua mfereji wa kichwa cha jeti na kuacha kovu linalong'aa. Iteleze mara mbili nyingine, kichwa kitaliwa, na hapo hata malaika hawaifungui.

"Tulia," alijiambia. "Kilichoganda hakitishwi."

Kilitaka joto. Moto karibu na petroli ni kujichimbia kaburi. Alitazama huku na huku. Akaiona chupa ya Mjomba.

Alimimina maji ya moto juu ya mwili wa kabureta, taratibu, akauacha uvimbe. Aligonga mpini wa bisibisi kwa spana, mara tatu, kidogo kidogo. Kisha, badala ya kufungua, alikaza. Unywele mmoja tu. Utomvu ulioganda hushtuka ukisukumwa upande usioutegemea.

Akafungua. Hakuna kitu.

Maji tena. Gonga. Kaza. Fungua. Hakuna kitu.

Chupa ilibakiza kikombe kimoja. Alikimimina chote.

"Ee Mola," alinong'ona, "si kwa ajili ya dhahabu. Unajua ni kwa ajili ya nani."

Alibana bisibisi kwa mikono miwili, akaegemeza kifua. Jeti ililia. Ikasogea robo. Ikasogea nusu.

SAA 5:50

Aliisugua kwa petroli safi, akaichokonoa kwa unyuzi wa waya, akaipuliza. Aliielekeza juu na kuona kitobo cha anga. Kisha, kama mafundi wote wanaofanya kazi mahali pasipo na meza, aliibana kwa meno huku mikono ikitafuta bakuli.

Nyayo zilishuka ngazi. Aliinua macho.

Mjomba, na mfuko. Funguo, na mfuko. Basi.

"Washa," Mjomba alisema.

"Twiga yuko wapi?"

"Anakuja. Washa."

Funguo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Funguo. Nakuuliza wewe."

"Mlinzi mmoja alirudi mapema," Funguo alisema kwa sauti ndogo. "Ana rungu. Alikuwa anapigana na Twiga pale mlangoni. Mjomba akavuta mlango. Akaweka komeo kwa nje."

"Na mdogo wangu ndani."

"Na mdogo wako ndani."

"Nimeokoa watatu," Mjomba alisema. "Hesabu ya kiume hiyo. Washa mashine."

"Uliapa."

Bastola ilitoka chini ya koti la Mjomba. Fundi alifunua midomo, akamwonyesha shaba ikimeta kati ya meno.

"Bila hii mashine ni nanga," alisema, meno yamebana. "Nipige. Nikianguka nitaimeza, au itaanguka majini. Kisha upige kasia, mjomba wangu. Kama unalo."

Mbali, ng'ambo ya ghala, king'ora kilianza kulia.

Fundi alichukua spana kubwa, akampa mjomba wake mgongo, akaanza kupanda. Ngazi ya kwanza. Ya tano. Ya tisa. Risasi haikuja.

SAA 5:56

Alivuta komeo. Ndani, mlinzi mmoja alikuwa amefungwa kamba kwenye kiti. Wa pili alisimama na rungu, akihema, damu ikimtoka puani. Twiga alikuwa sakafuni, mguu wake wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Baki hapo hapo, kaka," Fundi alimwambia mwenye rungu, spana imeinuliwa. "Nimekuja kuchukua mtu wangu, si mali yako."

Yule alimtazama. Mshahara wake haukufika huko. Alisogea ukutani.

"Dada." Meno ya Twiga yaligongana. "Umerudi? Una wazimu?"

"Wa ukoo. Nishike shingo."

SAA 6:03 MCHANA

Walipofika juu ya ngazi, boti haikuwepo. Mjomba alikuwa amekata kamba na kuutegemea mto. Mto ulikuwa unampeleka unakotaka wenyewe, upande wa darajani, ambako magari ya polisi yalikuwa yanasimama moja baada ya jingine. Alivuta kamba ya kuwashia mashine, akavuta tena, kama mtu anayemburuta mbuzi aliyekataa kuvuka. Funguo alikuwa ameketi juu ya mkaa, mikono kichwani. Askari waliwangoja wakiwa wameegemea ukingo wa daraja.

Fundi alitema jeti kiganjani. Ulimi wake uliwaka kwa petroli.

"Kimbia," Twiga alisema. "Vichaka vile pale. Hawajakuona. Mimi mguu hauna kazi, dada, niache hapa."

"Wewe leo umeshaachwa mara moja."

"Watakufunga."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

Alimkalisha kwenye ngazi ya juu, akaunyoosha mguu ule kwa uangalifu, akaketi kando yake. Kichwa kirefu cha Twiga kilimwangukia begani.

Askari wawili walitokea kwenye kona ya ghala, bunduki mbele.

"Simama! Mikono juu!"

Fundi aliinua mikono. Hakusimama.

"Mbebeni huyu kwanza," alisema. "Mimi nitatembea mwenyewe."